Kilo Themanini za Miaka Ile

Wapendwa, kulikuwa na mwanamume mmoja huko Mbeya, jina lake Ambokile. Zamani alikuwa na mwili! Kifua kama mlango wa ghala. Kwenye jimu ya mtaani kwao, ile ya mabati nyuma ya soko, alikuwa akilala kwenye benchi, anasukuma kilo themanini mara kumi, kisha anaamka akiuliza nani mwingine. Halafu akapata ajali ya pikipiki, akavunjika bega. Bega likapona, jimu hakurudi. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa mitano. Si ndivyo tunavyoacha mambo mema, ndugu zangu? Nani kati yetu aliwahi kuamka asubuhi akatangaza, "Leo naacha"?

Sasa mama yake akapata kiharusi, miguu ikagoma. Kanisa lao liko juu ya kilima, ngazi arobaini na mbili, na kila Jumapili Ambokile alimpandisha mgongoni, akipumzika mara mbili njiani. Jumapili moja magoti yakamlegea katikati ya ngazi. Akayumba! Mama akapiga yowe, waumini wawili wakawadaka. Mama hakumlaumu. Alisema tu, "Mwanangu, wiki ijayo nitasikiliza ibada kwenye redio."

Yalimchoma hayo maneno. Jumatatu asubuhi alikuwa jimu. Kocha wa pale ni mwanamke, anaitwa Tumpe, akamkabidhi chuma kitupu kisicho na uzito hata mmoja pembeni.

"Kocha, hiki si cha watoto?"

"Anza nacho, kaka."

Akaanza nacho, lakini moyoni amenuna. Wiki ya pili, Tumpe alipogeuka kumsaidia mtu mwingine, Ambokile akapakia kilo zake themanini. Akalala, akashusha. Wapendwa, kushuka kilishuka. Kupanda ndiko kulikokataa! Chuma kimemkalia kifuani, miguu inapiga hewa, sauti haitoki. Tumpe akaja mbio na wenzake wawili, wakamwondolea.

"Nani amekuambia upakie hizi?"

"Ndizo zangu, kocha."

"Zilikuwa zako, kaka Ambokile. Sasa nisikilize, maana nina habari njema. Mwili wako haujasahau. Utarudi haraka kuliko mgeni aliyeanza leo. Ila si kwa wiki mbili! Nipe miezi mitatu, siku tatu kila wiki, tunaongeza kidogo kidogo. Kula maharage na mayai, ulale vizuri. Na usiulize kama umekuwa yule wa zamani. Uliza kama umeipita wiki iliyopita."

Akakubali. Lakini nyumbani, je? Kila asubuhi alijipima mkono kwa futi ya cherehani ya mke wake. Wiki ya tatu, vilevile. Wiki ya tano, vilevile. Wiki ya saba, mkono haujaongezeka hata unene wa uzi! Jumamosi hiyo akaitupa futi kitandani, akamwambia mke wake, "Basi. Mimi nimekwisha. Jumatatu siendi."

Jumapili akambeba mama, maana kwa wiki zote hizo alikuwa amemkatalia habari ya redio. Akapanda huku amekasirika, anawaza mkono wake, anaiwaza ile futi, hata ngazi hazioni. Mlangoni mama akamgusa shingo.

"Baba, umepumzika wapi leo?"

Ambokile akageuka kutazama chini. Ngazi arobaini na mbili! Hakupumzika popote. Wala hahemi!

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Kumbe! Basi Jumatano nipeleke bondeni nikayaone mahindi yangu. Tangu niugue sijayaona."

Na Jumatatu? Alikuwa wa kwanza jimu.

Haleluya! Ndugu zangu, sisi je? Wangapi hapa tulikuwa waombaji, tukaacha miaka, sasa tumerudi? Na tumerudije? Wiki ya kwanza tunataka kufunga siku saba, kukesha, kumaliza Biblia nzima. Mzigo unatukalia kifuani, halafu tunasema Mungu ametuacha. Au tunajipima kila asubuhi: bado nina hasira, bado nina wivu, basi sijaokoka. Kumbe mkeo ameshaona kwamba mwezi huu hujafoka hata mara moja! Umemuuliza?

Yale uliyopanda zamani hayajafutika, mpendwa. Roho inakumbuka! Kesho asubuhi, kabla hujagusa simu, dakika tano za maombi. Tano tu! Keshokutwa tena. Na ukimwona hapa ndani mtu aliyerudi leo baada ya miaka kumi, usimtwishe miaka kumi yote kwa siku moja. Sogea, mpe nafasi kwenye benchi, mwambie karibu nyumbani.