Kwa Nini Hondohondo Humjengea Mkewe Ukuta

Tueni mizigo hapa kwenye jiwe, mketi. Ziwa halikimbii, na magoti yangu yanaomba dakika chache ambazo mimi, kwa heshima yangu, nitaziita za hadithi. Mwalimu Mutembei ameniuliza kwa nini mimi ninayeijua njia nimewaambia mtangulie, nami nije nyuma kabisa kama mbuzi mgonjwa. Mkewe, mama Kendi, akanong'ona kwamba labda ninaogopa nyati. Nilikusikia, mama, na ni kweli ninawaogopa. Nimezunguka sana: nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimemenya viazi kwenye meli ya mizigo, na kule Dubai nilipotea ndani ya duka moja tangu adhuhuri hadi alasiri nikitafuta mlango nilioingilia. Kote huko nimejifunza kuogopa kila kitu chenye pembe. Lakini nyati siye anayeniweka nyuma. Anayeniweka nyuma ni yule ndege mnayemsikia huko juu, ambaye mabawa yake huvuma kama mtu anayekung'uta mkeka.

Palikuwa na wakati ambapo hondohondo hakuwa ndege.

Zamani hizo mlima huu ulisimama kama unavyosimama leo, kijani peke yake kaskazini huku, na chini yake pande zote mawe meusi na vumbi. Msitu haukuwa na lango wala askari, ila ulilindwa kuliko sasa. Hakuna aliyekata mti mbichi, hakuna aliyewasha moto chini ya matawi, na hakuna aliyemwinda mnyama anayeelekea majini. Watu wa jangwani walipanda kuja kuliona ziwa lililo chini bondeni, ndani ya mlima. Hawakuja kuteka maji, maana visima walikuwa navyo kwao. Walikuja kuangalia tu, kama nyinyi. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya hori la ngamia alitaka, kabla hajafa, ayaone maji ambayo mtu akisimama ng'ambo yake huonekana mdogo kama kidole.

Ukungu wa mlima huu mmeuona asubuhi. Hakuna mgeni aliyeingia ndani yake bila mwongoza njia, na mwongoza njia alikuwa na mwiko wake. Alitangulia mbele, na hakugeuza shingo mpaka nyayo zake ziguse maji ya ziwa. Kugeuka kulikuwa matusi mawili kwa pamoja: uliwatukana wageni kwamba huwaamini, na uliitukana njia kwamba huijui. Wazee walisema mwongoza njia akigeuka, njia nayo hugeuka. Ndiyo maana walikwenda wawili wawili. Wa pili alitembea nyuma ya watu wote, akaitwa mfunga njia. Kila kona wa mbele aliuliza, "Upo?" na wa nyuma akajibu, "Nipo." Jibu likichelewa, wa mbele alisimama bila kugeuka mpaka alisikie. Maneno hayo mawili yalikuwa kamba, na wageni wote walikuwa katikati yake.

Katika waongoza njia wa wakati huo hakuna aliyependwa kama Jarso. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na maneno mengi, aliyeweza kumchekesha mtu aliyetoka kuzika ngamia wake. Kama mnaona anafanana na mtu fulani mnayemjua, nyamazeni. Mfunga njia wake alikuwa mkewe, Gumato. Huyo hakuwa na maneno mengi. Alijua kila mzizi unaovuka njia, na sauti yake ilipenya ukungu kama sindano. Walikuwa wameoana miaka kumi na miwili bila mtoto, na msimu ule, watu wakiwa wamekwisha kuacha kuwauliza, Gumato alikuwa na mimba ya miezi minane.

Siku wageni kumi na mmoja walipofika, Gumato alimwomba mumewe atafute mtu mwingine wa kufunga njia. Mgongo ulimuuma, akasema, na miguu ilikuwa imevimba. Jarso alimbembeleza. Hii ni safari moja tu, akamwambia, kesho kutwa mvua zitaifunga njia nao watapumzika mpaka mtoto azaliwe. Kisha akasema hakuna sauti nyingine anayoiamini nyuma ya mgongo wake. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomfanya Gumato anyanyue kibuyu chake cha maji na kufuata.

Kona ya kwanza Jarso aliuliza, na mkewe akajibu. Jarso akawaambia wageni kwamba hilo ndilo neno pekee ambalo mwanamke yule humjibu bila kubishana. Wakacheka. Kona ya pili walikuwa wakilingojea. Kona ya tatu, Jarso alipoita, mzee mmoja katikati ya mstari alibana pua akajibu "Nipo" kwa sauti nyembamba ya kike, na msitu mzima ukajaa vicheko. Hapo ndipo Jarso alipopaswa kusimama akawakataza. Lakini mcheshi akishaona watu wanacheka ni kama ngamia aliyenusa maji. Najua ninachosema. Alipaza sauti zaidi, nao wakajibu zaidi, na ilipofika kona ya sita hakuna aliyejua tena kama sauti ya Gumato ilikuwa ndani ya zile sauti au la.

Kona ya saba, kwenye mti mkubwa wenye pango shinani, uchungu ulimshika Gumato. Aliketi juu ya mzizi. Alimwambia mgeni wa mwisho, mtu mwenye fimbo aliyekuwa hatua mbili mbele yake, "Mwambie asimame kidogo."

Yule mtu alimwambia aliye mbele yake, na huyo akamwambia wa mbele yake. Maneno yakapanda mstari kinywa kwa kinywa, na kila kinywa kikayaongezea kicheko kidogo, maana asubuhi nzima kila neno lililotoka nyuma lilikuwa la kuchekesha. Yalipomfikia Jarso yalikuwa mzaha uliokwisha kuiva. Naye, bila kugeuka, akajibu:

"Mwambieni hilo ananiambia tangu nilipomwoa."

Wageni walicheka mpaka wengine wakashika miti. Jibu lile halikurudi nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeliona kuwa jibu. Mtu mwenye fimbo alicheka na wenzake, mstari ukasogea, naye akasogea nao, akiamini kwamba mama wa watu anafuata. Ukungu ukafunga nyuma yake.

Kona ya nane Jarso aliuliza, "Upo?" Sauti kumi na moja zikamjibu kwamba zipo. Kona ya tisa vilevile. Aliteremka mlima mzima akiwa na furaha.

Ziwani aliingiza nyayo majini, na sasa, kwa ruhusa ya mwiko, akageuka. Aliwahesabu wageni wakitoka katika ukungu mmoja mmoja: walikuwa kumi na mmoja. Alingoja wa kumi na mbili huku akitabasamu, maana alikuwa ameshaandaa neno la kumpokea nalo. Akaita, na wageni kwa mazoea wakaitikia. Akainua mkono wanyamaze, akaita tena. Safari hii ziwa peke yake ndilo lililomrudishia neno lake: upo.

"Ni nani aliyekuwa akijibu?" akauliza.

Mwanamke mzee miongoni mwa wageni alitazama chini. "Ni sisi, baba. Tulidhani ndiyo desturi ya hapa."

Jarso aliwaonyesha njia ya ukingoni, iliyo wazi, ambayo watu wote, hata yeye, walirudia makwao siku zote, kisha akaanza kupanda alikotoka. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo bibi yangu, aliyenisimulia haya, alipokuwa akishusha sauti. Jarso alikuwa ameipita njia ile mara zisizohesabika, na hakuna hata mara moja aliyoitazama kwa nyuma. Kila mti aliujua kwa uso mmoja. Kila jiwe alilijua kwa upande wa kushukia. Mtu aliyeijua njia kuliko wote alipotea ndani yake kama mgeni. Alizunguka akiita, na kila alipoita alinyamaza kusikiliza, na kunyamaza huko ndiko kulikomchelewesha zaidi. Hakuipata kona ya saba siku ile. Aliipata kesho yake, jua likiwa limepanda.

Chini ya mti mkubwa udongo ulikuwa umechimbwa kwa mikono. Kwenye mdomo wa pango la shina palikuwa na ukuta wa tope uliofika kiunoni, na juu yake alama za vidole, nyingine zikiwa na nguvu, nyingine zikiwa zimegusa tu. Nyayo za chui zilizunguka mti huo mara tatu, zikaenda zake. Chui hakuingia. Kilichoingia hakikuhitaji mlango. Gumato alikuwa ameegemea ndani, mtoto kifuani katika shuka, na wote wawili walikuwa baridi. Kibuyu kilikuwa kitupu kando yake. Maji yote aliyokuwa nayo aliyakandia ukuta.

Jarso alitazama kazi ile iliyoishia katikati, na akaanza kuimaliza. Tope lilimponyoka mikononi, basi akaanza kulibeba kwa kinywa. Alijenga mpaka juu, akaacha ufa mmoja mwembamba unaotosha tunda. Kisha akaenda kuchuma matunda ya msituni, akayaleta mdomoni, akayapitisha kwenye ufa moja moja. Kila alipopitisha tunda, aliuliza neno lile lile.

Siku ya tatu ndugu zake Gumato walifika. Boru, kaka mkubwa, alikuja na mkuki, na hakuna aliyedhani ameubeba kwa ajili ya wanyama. Alipoona ukuta, na ndevu za shemeji yake zilivyoganda tope, aliulaza mkuki majanini. Alisema kwa upole, "Shemeji, teremka. Tumzike."

"Nilimpa kisogo mara moja," akasema Jarso. "Sitampa tena."

Hawakusikia neno lingine kutoka kwake ambalo ni la binadamu. Walioshuhudia walisema kinywa chake kilikuwa kimeanza kurefuka. Kila tope alilobeba na kila tunda alilokwenda kutafuta vilikivuta mbele kidogo, na ule mzaha wa kona ya saba, ambao haukuwa na mahali pa kwenda, ukamkalia juu ya mdomo kama pembe, mzito, mtupu ndani, usioshuka wala kumezeka. Mikono yake ikawa myeusi, ikaota manyoya, ikawa mabawa. Alipopaa kutafuta matunda ya mbali, mabawa yake yalivuma hata walio mbali wakasikia, ili aliye nyuma asikose kujua yeye yuko wapi.

Mvua zilipokwisha, Boru alipanda tena. Alikuta ukuta umetobolewa kutoka ndani. Hapakuwa na mifupa wala shuka, ila manyoya tu, mengi, meusi na meupe. Wapo wanaosema aliona hondohondo wawili na kinda mmoja wakiruka kuelekea ziwani. Bibi yangu hakuisema sehemu hiyo. Nilipomuuliza kama Gumato alitoka, alinijibu kwamba watoto wote huuliza hivyo, akaendelea kupembua mtama wake.

Na tangu siku hiyo hondohondo amebeba mdomo usiolingana na mwili wake. Mkewe akikaribia kutaga, humtafutia pango mtini, humzibia kwa tope, akaacha ufa mmoja, na hamtupi mkono hata siku moja mpaka ukuta uvunjwe kutoka ndani. Mtamwona akitua tawini: kabla ya kula, kabla ya kulia, hugeuza kichwa akatazama alikotoka.

Na tangu siku hiyo, waongoza njia wa mlima huu hatutangulii. Mwenye mguu mzito ndiye hukaa mbele, ili sote twende kwa mwendo wake, na mjuzi hukaa nyuma, ambako hakuna kisogo cha kumpa mtu. Ndiyo maana goti lako, mama Kendi, limekupa uongozi leo. Hata ule wito tumeubadilisha. Kila mtu huulizwa kwa jina lake, na kila mtu hujijibia mwenyewe. Hamjibii mwenzake, hata akiwa mkewe, hata akiwa anamwona kwa macho.

Haya, chukueni mizigo. Mizaha yangu huiacha hapa kwenye jiwe, mtaniona nikiichukua jioni tukirudi. Njia inaanza pale penye mzizi, na ukungu, kama mnavyoona, umetusubiri.

Mama Kendi, upo?

Hapana, mwalimu. Sikukuuliza wewe.

Mama Kendi, upo?