Sahani Chini ya Kawa

Sogeeni mbele, ndugu zangu, nafasi bado ipo. Na nyinyi akina mama nyuma ya pazia, leo niko upande wenu, kwa hiyo msianze kucheka mapema. Nataka tuukumbuke kidogo ule mwaka wa maradhi, tulipokaa ndani mpaka tukasahau kama leo ni Jumanne au Ijumaa. Mnaukumbuka? Mchana mrefu, mji umenyamaza, kijiko kikianguka nyumba ya tatu unakisikia. Tulikuwa kama watu walioamshwa nusu, nusu nyingine bado iko usingizini.

Basi katika mwaka huo palikuwa na mwanamke mmoja, mke wa dereva wa lori. Mji wake msiutafute, uwekeni mtaa wa pili kutoka kwenu. Mumewe alikuwa amekwama mpakani, yeye na madereva wenzake wasio na idadi, wamepimwa na majibu hayaji. Nyumbani walibaki wawili tu, mke huyo na mama mkwe wake, bibi mtu mzima mwenye pumu, ambaye kifua kikimbana unasikia filimbi yake ukiwa uani. Mume alipiga simu, akaulizia hali, akalalamika kidogo kuhusu vumbi na foleni, halafu sauti ikamshuka. Akasema, "Mke wangu, sikuombi kingine. Nikirudi, nimkute mama."

Maneno hayo yalimwingia mwanamke yule na hayakutoka. Alijua kwamba yeye ndiye anayekwenda sokoni, yeye ndiye anayegusa nyanya zilizoguswa na watu, na maradhi yakiingia nyumba ile yataingia na miguu yake. Akamhamishia bibi chumba cha uani, chenye dirisha pana na hewa. Mlangoni akaweka kigoda. Chakula kikiiva anakipakua kwenye sahani, anakifunika kwa kawa la ukili, anakiweka juu ya kigoda, anagonga mara mbili na kurudi nyuma. Bibi anafungua, anachukua, anafunga. Je, kosa liko wapi hapo? Mimi silioni. Wengi wetu tulifanya hivyohivyo, na tulisifiwa.

Sasa, huyu mke wa dereva hakuwa mtu wa kukaa akihesabu nzi. Alisikia kuna darasa la bure kwenye mtandao, la lishe na siha, wiki sita, kila siku saa saba na nusu mchana. Akajiandikisha. Ikifika saa yake, akishagonga mlango wa bibi, anakwenda kuketi jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la unga, hedifoni masikioni, daftari mapajani. Mbele yake zinatokea sura ndogondogo zimejipanga kama madirisha ya ghorofa iliyo mbali. Mmoja yuko kisiwani, anajipepea. Mwingine yuko bara kwenye baridi, amejitanda blanketi. Na mwalimu, mwanamke mwenye sauti laini ambayo mtandao unaipeleka na kuirudisha, anawaambia habari za protini, za madini ya chuma, za vitamini zinazopatikana kwenye papai.

Elimu ilimkolea, ndugu zangu. Alijifunza kwamba mchicha ukikamuliwa ndimu, mwili unafaidi zaidi. Alijifunza kuigawa sahani, nusu mboga, robo wali, robo kunde au samaki. Akawa anaona robo kila mahali, kwenye mkeka, kwenye dari, kwenye kipande cha anga kilicho juu ya ua. Wakati mwingine joto la mchana lilimlevya, macho yakajifumba yenyewe, akaiona sahani kubwa inaelea hewani bila kushikwa na mtu, na katikati yake ameketi mkwewe, mdogo kama kidole, anakula polepole, mashavu yanajaa. Akizinduka anatabasamu. Ilikuwa ndoto njema, nami simlaumu kwa kuiota.

Lakini sahani ya kweli ilikuwa inarudi.

Siku ya kwanza ilirudi nusu. Akasema labda ni joto. Siku ya nne ikarudi na matonge mawili tu yametoka pembeni. Wiki ya pili, bibi alipofungua mlango kuchukua maji ya kutawadhia, yule mwanamke alimwona kwa mbali, akashtuka. Kanga aliyozoea kuifunga mara moja sasa anaizungusha mara mbili. Na mumewe kule mpakani anapiga simu kila siku, anauliza kitu kilekile, na yeye anajibu kwamba mama hajambo, kisha anakata simu na kukaa chini.

Akamwuliza mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu makini, hakumjibu kwa haraka. Alimwambia apike vyakula laini, apakue kidogo kidogo, aongeze tangawizi na bizari, na amwangalie kama ladha imepotea, maana hiyo ni dalili ya maradhi yale. Siku ya pili yake mwanamke akamwekea bibi kipande cha ndimu juu ya kigoda, akasimama mbali na mlango, akamwuliza kama anaisikia. Bibi alijibu kwamba ni chachu mpaka meno yamekufa ganzi. Basi ladha ipo. Homa haipo. Tumbo haliumi. Mwalimu akamwambia, "Andika kila kitu. Kilichopikwa, kilicholiwa, saa ngapi." Naye akaandika. Kunde za nazi, mchicha, wali, papai, saa saba na nusu, amekula robo. Samaki wa kuchemsha, kisamvu, ndizi, amekula tonge tatu. Uji wa ulezi, amekunywa nusu kikombe. Daftari linanenepa na bibi anakonda. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Si mngebadilisha mboga? Yeye alizibadilisha zote.

Ikafika wiki ya tano. Siku hiyo amepika tena kunde za nazi, kwa kuchoka kubuni. Amegonga, ameketi, amevaa hedifoni. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo, mtandao ukakatika. Zile sura zikaganda. Mtu wa kisiwani aliganda na upepeo wake hewani. Mwanamke akasubiri, kiduara kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka tu. Mwishowe akazivua hedifoni masikioni, akazichomoa kwenye simu, akabaki peke yake na utulivu wa mchana ule, na jua limelala sakafuni.

Hapo ndipo akasikia sauti uani.

"Karibuni."

Akainua kichwa. Nani kaja? Lango limefungwa kwa komeo. Kimya kikarudi, kirefu. Halafu sauti ileile, ya chini, kutoka nyuma ya mlango wa bibi: "Karibuni chakula." Kisha kimya tena, kisha sauti ndogo ya ukili, ya kawa kurudishwa juu ya sahani.

Alidhani bibi anazungumza na waliotangulia, na wazee wetu wakianza kuzungumza nao sote tunajua tunachokihofia. Akauendea ule mlango taratibu, akasimama hatua tatu kabla hajafika, kama alivyofundishwa.

"Mama, unamkaribisha nani?"

"Yeyote atakayeitika," bibi akajibu kutoka ndani.

"Lakini hakuna mtu, mama."

"Najua, mwanangu. Mwezi mzima najua." Bibi akavuta pumzi na ile filimbi yake. "Lakini mimi tangu nizaliwe sijatia tonge kinywani kabla sijasema karibu na mtu akanijibu. Hata awe anapita njiani, ataniambia starehe, nami nitakula. Anayekula bila kumkaribisha mtu ni mwizi. Mimi nakaribisha, hakuna anayeitika. Najilazimisha kwa ajili yako, nameza mbili, tatu, koo linafunga. Chakula chako kitamu, usidhani nakidharau."

Ndugu zangu, yule mwanamke aliona haya mpaka akashika ukuta. Yeye mwenyewe amekulia kwenye desturi hiyo. Kabla ya maradhi, nyumba ile ilikula sinia moja, majirani wawili watatu hawakosi, na neno karibu lilikuwa linaruka hewani kama salamu. Alikuwa amelichukua lile sinia akalikata, akampa bibi robo yake iliyopimwa vizuri, na lile neno akaliacha nje. Na bibi alipolitoa peke yake, kila siku, saa saba na nusu kamili, mtu pekee aliyekuwa karibu naye alikuwa ameziba masikio anajifunza namna ya kumlisha.

Alilia, sitawaficha. Halafu akafanya kitu chepesi sana. Aliufungua ule mlango wazi kabisa, akatandika mkeka uani hatua tatu kutoka kizingitini, akajipakulia chakula chake na kuketi akitazamana na bibi. Hakusogea, hakumgusa, hakuvunja sharti hata moja la madaktari. Bibi akaondoa kawa. Akamtazama mkwe wake, akasema karibu.

"Starehe, mama," akajibu mwanamke.

Bibi akala. Jikoni simu ilikuwa imepata mtandao, inaita, sauti laini ya mwalimu inauliza kama amerudi, na yeye hakuinuka. Alikuwa anautazama mkono wa bibi ukishuka na kupanda, akaona sahani inakwisha, papai linaliwa mpaka kwenye ganda. Mchana ule, anasema, ulikuwa mrefu kuliko yote na hakutaka uishe.

Aliandika kwenye daftari kama kawaida. Kunde za nazi, mchicha, wali, papai. Amemaliza. Kesho yake akaandika tena amemaliza, na kesho kutwa vilevile, na mwisho wa wiki akapeleka kurasa zake kwa mwalimu. Mwalimu akazisoma mbele ya darasa, akarudi nyuma, akalinganisha. Mboga zilezile, kipimo kilekile, saa ileile. Akauliza, "Hapa katikati umeongeza nini?"

Mwanamke akafikiri. Zile sura zote ndogo zinamtazama, kalamu mkononi, zinangoja jina la kirutubisho.

"Nimeitika tu," akasema.

Msitoke hapa mkasema maalim amekataza madarasa ya simu. Elimu ile ilikuwa ya kweli, na ule mchicha wenye ndimu ndio uliomrudishia bibi damu. Dereva aliporudi alimkuta mama yake, na alimkuta ana mashavu. Lakini sikuwasimulia ili mumjue yeye. Nataka tujitazame sisi.

Sisi tumewapa wazee wetu nini? Tumewanunulia magodoro, tumewapeleka kupimwa sukari, tunawatumia ujumbe wa afya kila asubuhi, usile hiki, kunywa kile. Vyote vizuri. Halafu tunaingia nyumbani, mama ameketi na sahani yake, anasema karibu, nasi tunatikisa kichwa bila kuondoa macho kwenye kioo. Tunajua sukari yake iko ngapi. Je, tunajua ni lini mara ya mwisho alisema neno akajibiwa? Na jirani yule mjane, ambaye kila tukipita dirishani kwake anasema karibuni, tulidhani anatuita sisi kula? Alikuwa anatuomba ruhusa ya kula yeye.

Na wapo kati yetu, nawaona mlivyoinamisha vichwa, ambao mama zao hawamkaribishi mtu tena, kwa sababu wamekwishanyamaza kabisa. Waulizeni hao wangetoa nini leo kuisikia ile sauti mara moja tu na kusema starehe, mama. Nami ni mmoja wao, kwa hiyo nisamehewe kama sauti imekwama.

Mola atujaalie masikio yaliyo wazi. Leo sitawaweka zaidi, wala mtu asinisubiri mlangoni kunipa mkono. Rudini majumbani, ni saa ya chakula.