Kindi na Kifurushi cha Kiboko

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni zamani gani hiyo yenye kompyuta, wanyama walikuwa na ghala la programu. Programu zilikuwa za wote: unachukua bure, unafungua, unarekebisha. Mfunga vifurushi, yaani mwenye kukagua kila programu na kuifunga tayari kwa kuchukuliwa, alikuwa Kindi, na ufunguo wa ghala alishika yeye.

Ghala lilikuwa na mwiko mmoja. Maktaba za JavaScript, yaani ule msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingi huutumia, ziwekwe nakala mojamoja tu, ghalani, wala programu isibebe nakala yake. Ikipatikana kasoro, inazibwa mara moja na wote wanapona.

Siku moja Kiboko akaja, puu, puu, na programu ya kupanga zamu za maji kisimani. Kindi akaifungua. Ndani akakuta nakala kuukuu ya maktaba, yenye tundu: ukiandika amri mahali pa jina, programu inakutii.

"Bwana Kiboko, hii niitoe. Programu yako itumie ya ghalani."

"Ukiigusa utaiharibu," Kiboko akanguruma. "Mimi nimekuja na vyangu vyote."

"Nisipoigusa, mjanja mmoja atajipa zamu zote, na sisi wadogo tutakufa kiu."

Tembo, mkuu wa ghala, alimwogopa Kiboko. "Kindi, ukimharibia programu yake, rudisha ufunguo uende zako."

Kindi alikasirika sana, lakini akatabasamu. "Sawa, Mzee. Tuijaribu kesho mbele ya wote."

Asubuhi akaweka kompyuta mbili. "Moja ina programu kama alivyoileta Bwana Kiboko. Nyingine nimeibadilisha. Atuambie mwenyewe ipi ni ipi."

Mahali pa jina akaandika amri ileile kwenye zote mbili: mpe Kindi zamu zote. Ta, ta, ta! Kompyuta ya kwanza ikajaa Kindi, Jumatatu hadi Jumapili. Ya pili haikubadilika hata zamu moja.

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Mmeona? Ya kwanza ndiyo aliyoichezea. Yangu ni hii ya pili, imara kama mwenyewe."

"Una hakika?" Tembo akauliza.

"Naapa."

"Nimefurahi umeipenda," Kindi akasema, akaifungua ya pili. Ndani hamkuwa na maktaba hata moja, ila mstari mmoja tu: chukua ya ghalani. Kwenye ile ya kwanza, nakala kuukuu ilikuwa palepale alipoiweka Kiboko.

Wadogo wakapiga vigelegele. Kiboko akainamisha kichwa. Tembo, kwa aibu, akasema, "Kindi, funga hiyo ya pili. Ufunguo ni wako."

Nanyi wanangu shikeni hili: anayekataa mzigo wake ufunguliwe, huenda hata yeye hajui alichobeba.