Mkono wa Kwanza wa Bi Pimbi

Ngano yangu iko mlangoni!
— Ifungulie, iingie!
Ina njaa!
— Ivutie kigoda, ile!
Ikishiba je?
— Iseme, tusikie!

Hapo kale, kale ya kale, mawe yalipokuwa bado laini na Fisi alipokuwa bado na haya, palikuwa na nchi iitwayo Majabali. Humo aliishi Bi Pimbi, mjane mfupi, mnene, asiye na mkia lakini mwenye mdomo. Kazi yake kukaanga vitumbua. Si vitumbua vya kubabaisha! Vya tui zito na iliki. Ukivipita bila kununua, pua yako inakusuta mpaka nyumbani.

Wachuuzi wa Majabali walikuwa na mwiko wao. Mteja wa kwanza wa asubuhi walimwita mkono wa kwanza, eti ndiye anayefungua riziki ya siku. Atoe atakacho, kipokee, ushukuru. Mama yake Bi Pimbi alipofariki alimwachia chuma cha vitumbua na neno moja: "Mwanangu, mkono wa kwanza haukataliwi. Ukiukataa, siku inaoza." Bi Pimbi akalishika neno hilo kama kupe anavyoshika sikio la ng'ombe.

Sasa Fisi naye ana masikio. Akasikia. Akavaa tai. Shati hana, lakini tai anayo! Umande haujakauka, huyo anakuja, anachechemea na kuimba:

Mkono wa kwanza haukataliwi,
Ukiukataa, siku inaoza!

"Karibu, baba," akasema Bi Pimbi. "Umeleta nini?"

"Nimeleta konekshini. Namjua Tembo mwenyewe, mkubwa wa nchi. Nitamtajia jina lako."

Mkono wa kwanza haukataliwi. Fisi akala sahani nzima, akajipangusa kwa tai, akaenda zake.

Asubuhi ya pili, umande haujakauka, huyo anakuja, anachechemea na kuimba:

Mkono wa kwanza haukataliwi,
Ukiukataa, siku inaoza!

"Karibu, baba. Umeleta nini?"

"Leo nimeleta eksposha. Nitakula hapa hapa hadharani, wanyama wote wanione, biashara yako ijulikane. Think big, my dear!"

Akala sinia zima. Wanyama wakamwona kweli. Wakaona pia kwamba vitumbua vimekwisha, wakaenda kununua mihogo.

Asubuhi ya tatu, umande haujakauka, huyo tena, wimbo ule ule.

"Karibu, baba," Bi Pimbi akasema, sauti imenywea. "Umeleta nini?"

"Uzoefu! Wenzako wanausaka nchi nzima hawaupati. Mimi nakupa bure."

Akala sinia, akala beseni, akalamba mwiko. Watoto wa Bi Pimbi wakabaki wanakwangua ukoko. Kitindamimba akauliza, "Mama, eksposha inaliwa na chai?"

Bi Pimbi akacheka, maana asingecheka angelia. Akachungulia mtungini. Mchele uliobaki ni wa kukaanga mara moja tu. Huo ukiliwa bure, jiko linazimika, chuma cha marehemu kinashika kutu, na watoto watatafuna mawe.

Usiku akauloweka. Alfajiri akautwanga, akaukoroga, akaukaanga, akakaa kumsubiri Fisi. Fisi hajatokea. Tumbo la uzoefu wa jana lilikuwa limemlaza chali.

Akatokea Bi Kanga, kilemba kichwani, pishi ya mchele kwapani.

"Hodi, shoga! Nipe vitumbua, mchele wako huu hapa."

"Subiri kidogo, shoga," akajibu Bi Pimbi. "Vya kwanza ni vya Fisi."

"Fisi mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala."

"Alaa! Mkono wa kwanza umelala kwao, halafu huu nilioufikisha hapa ni mguu?"

Bi Pimbi akachungulia njia, Fisi hayupo. Kumbe hata mwiko wenyewe alikuwa haushiki tena! Alichoshika ni mazoea tu ya kumlisha Fisi. Akaitazama mikono yake, unga mpaka viwikoni. Nani aliuloweka mchele? Mkono huu. Nani aliutwanga? Mkono huu. Nani aliunguzwa na mafuta? Mkono huu huu.

"Mama wee!" akapiga kelele. "Mkono wa kwanza ni wangu! Na ndio ninaoukataa kila siku!"

Akachukua kitumbua cha moto, akamega, akala. Vingine akawapa wanawe. Kisha akamhudumia Bi Kanga, akampa na nyongeza.

Hapo ndipo Fisi akafika mbio, tai imekaa mgongoni. "Mkono wa kwanza haukata—"

"Umechelewa, baba. Riziki imeshafunguliwa."

"Na nani?"

"Na huu," akaupunga mkono, mafuta yanachuruzika.

"That is not professional!" Fisi akafoka. "Siku yako itaoza! Nitakaa hapa niione ikioza!"

Neno hilo lilimtisha Bi Pimbi tangu mama yake alipomwachia. Lakini hakuondoa mkono jikoni. Jua likapanda, siku haikuoza. Jua likasimama utosini, siku haikuoza. Jua likainama, vitumbua vikaisha, mtungi ukajaa mchele. Bi Pimbi akainusa hewa, fu, fu, fu.

"Mbona siku inanukia iliki? Kinachonuka hapa ni wewe, baba."

Wateja wakaangua kicheko. Fisi, tumbo linanguruma, akaomba, "Basi nionjeshe kimoja."

"Lete mchele."

"Sina. Nina konekshini."

"Mtajie Tembo jina lako, akupe."

Tangu siku hiyo Pimbi hana papara asubuhi. Huota jua kwanza juu ya jabali na wanawe, washibe, ndipo biashara ianze. Na Fisi anacheka peke yake porini, anajisimulia watu anaowajua.

Mazoea ni punda: yakikubeba, yapande, ukianza kuyabeba wewe, yatue chini uende.

Nami mtambaji nimemaliza. Msinilipe eksposha, ninayo ghala nzima. Mwenye viazi atoe viazi. Ngano yangu naiacha hapa njiani: aipendaye aibebe, asiyeipenda asiikanyage.