Mkandaji Siye

Alikuwako katika mji wa Sumbula sultani aitwaye Ghalibu bin Shahdadi, mwenye majumba saba na pete yenye jini, na juu ya hayo yote alikuwa na shingo iliyokakamaa kwa kusikiliza mashtaka kutwa nzima, na kila ilipombana shingo hiyo, mtu alipoteza kichwa.

Asubuhi moja akaisugua pete, na jini alipotokea akamwambia, "Niletee mkandaji, tena upesi!" Jini yule nguvu anazo, akili hana. Akatua penye tanuri la mikate, akamnyakua Shamte, mkandaji wa unga, akambwaga barazani kwa Sultani. Maskini Shamte, akiambiwa kanda, akafanya alilolijua: akamnyunyizia Sultani unga, akamtwanga ngumi, akamkunja na kumgeuza na kumbamiza. Shingo ikalia ko! Sultani akaamuru kijana akatwe kichwa alasiri ikiadhiniwa.

Habari zikamfika mama yake, Bi Mwanashaha, mkandaji hasa, aliyewanyoosha viungo wanawake wote waliojifungua mjini mle. Hakulia. Alikasirika hadi masikio yakamwaka moto, akabeba kibuyu chake cha mafuta ya simsim, akawasukuma walinzi, akaingia.

"Ewe mwenye enzi," alisema, wala hakuinama, "jini wako hajui maneno, nawe hujui kuuliza, kisha afe mwanangu? Huu ni uonevu!"

"Mwanamke, wajua unasema na nani?"

"Nasema na shingo. Lala kifudifudi!"

Hakuna aliyewahi kumwamuru Sultani, naye kwa mshangao akalala. Bi Mwanashaha akamimina mafuta, akazamisha vidole gumba chini ya bega la kulia, na kila kifundo alichokigusa akakifokea. "Hiki cha mpishi uliyemuua kwa chumvi! Hiki cha mpiga mbiu wa watu, aliyekohoa tu!" Bega likalegea, pumzi ndefu ikamtoka Sultani. Ndipo mama akakiziba kibuyu.

"Na la kushoto?" akauliza Sultani.

"La kushoto liko gerezani, linangoja alasiri."

Sultani akainuka, bega moja limeshuka kwa raha, la pili limekwama sikioni, na mwadhini alikwisha kuanza kupanda mnara. "Mleteni!" akapiga kelele.

Shamte akaletwa yu hai. Mama akamkumbatia, kisha akalimaliza bega la kushoto, bila huruma hata chembe.

"Omba utakalo," Sultani akanong'ona. "Nitakuoa, nikupe nusu ya milki."

"Uniolee nini? Wauaji sikai nao. Upanga ukome. Na ukiumwa, njoo kibarazani kwangu, ukae nyuma ya wachukuzi, ungoje zamu yako."

Akaenda kweli, akangoja kweli, na mkata vichwa akakosa kazi. Shamte akapewa mali, akaoa, na watu wakamsifu Sultani kwa upole wake. Upole gani! Waliokatwa kabla hajakandwa, nani atawarudishia vichwa vyao? Mtawala aliyechoka na apumzike kwanza, ndipo ahukumu. Hilo ndilo funzo, na aliyelisikia akamwambie mkubwa wake.