Boti Iliyofika Msisuli

Aonyeshaye kidonda cha jirani hupewa dawa ya jirani.

Mmemsikia mwalimu wenu akiisema, wanangu, nanyi mmeuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Msisuli, upande wa Singida ulio mkavu, upepo wa Julai uliezua paa la darasa la kwanza na la pili. Kuta zilikuwa za udongo. Mwalimu mkuu, Elifuraha Ntandu, alijua kwamba mvua za Desemba zikizikuta wazi, kuta hizo zitalala chini, na wale wadogo hawatakuwa na pa kusomea.

Ntandu hakuwa mwongo wala mvivu. Aliamini tu kwamba andiko la kuomba ufadhili ni kama mbegu: ikiota kwa mwenzako, itaota na kwako. Akamwomba rafiki yake Magesa, mwalimu mkuu wa shule moja ya ziwani iliyokuwa imefadhiliwa mwaka uliotangulia, naye akamtumia andiko lake lote kwa simu.

Ntandu akaketi nalo siku tatu. Palipokuwa na jina la shule ya Magesa akaandika Msisuli. Idadi ya wanafunzi akaweka yake. Palipokuwa na majina ya watoto, akaweka majina ya daftari la mahudhurio. Mengine hakuyagusa, maana aliona ndiyo yaliyowapendeza wafadhili.

Msaidizi wake, Mwalimu Gwau, alipolisoma alikunja uso.

"Mkuu, hapa panasema watoto wetu wanavuka maji kuja shule."

"Hayo ni maneno ya kufungulia mlango, Gwau. Wenyewe wanapenda hivyo. Msaada ukifika, tunaezeka."

"Na paa liko ukurasa gani?"

"We naye! Paa si wataliona wakija?"

Andiko likaenda.

Novemba simu ikapigwa: ombi limekubaliwa, msaada unakuja na mgeni siku ya Alhamisi. Kijiji kizima kilijaa uwanjani. Fundi alikuja na nyundo na ngazi yake. Kina mama walipika kuku na ugali wa uwele. Lori lilipochomoza, vigelegele vilipigwa; lilipokaribia vikapungua, kisha vikakoma kabisa.

Juu ya lori palikuwa na boti.

Boti nyeupe, ndefu, na mashine yake nyuma, na marundo ya jaketi za kuvaa mtu asizame. Fundi akailaza ngazi yake chini. Mzee mmoja akauliza, "Hilo ndilo bati la kisasa?" Hakuna aliyecheka.

Mgeni, mama mmoja wa shirika la wafadhili aitwaye Bi Shamsa, alishuka akatazama huku na huku. Chini ya shule palikuwa na korongo la mchanga, mbuzi wawili wamelala katikati yake.

"Mwalimu, ziwa liko wapi?"

Ntandu aligeuka kulitazama lile korongo.

"Basi, hilo tutalizungumza," alisema Bi Shamsa kwa upole. "Kwanza nitoe pole. Naomba niwaone wazazi wa yule binti aliyezama." Akafunua karatasi. "Nyamwi Hango, wa darasa la pili."

Siku zile za kunakili, Ntandu alikuwa akijaza nafasi, kama mtu anavyojaza fomu. Hakuwa amewaza kwamba anamzika mtoto.

Mama Nyamwi alikuwa amebeba sinia la kuku. Alilitua mchangani bila kulitazama, akapasua umati hadi kwenye mstari wa watoto wa kwaya waliojipanga kumpokea mgeni, akampapasa mwanawe kichwa, mabega, vidole. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Umemuua mwanangu kwa kalamu?"

"Mama Nyamwi, nilinakili tu. Nilikuwa natafuta paa."

"Paa! Si halipo pale, hata kipofu anaona? Tulikuwa na kidonda chetu wenyewe, Mwalimu. Kwa nini ulionyesha cha jirani?"

Bi Shamsa aliingia katika darasa lile lililoezuliwa, akasimama, akatazama juu. Alipotoka, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwaka huu tumeezeka shule saba," alisema. "Moja yao ilituandikia nusu ukurasa, kwa mkono. Maombi yalifungwa juzi."

Lori likageuza, boti ikaenda zake ziwani kwa watoto wanaovuka maji kweli. Wiki ya pili ya Desemba mvua ilishuka, kuta zikalala. Shule zilipofunguliwa, watoto wa madarasa yale mawili walirudishwa nyumbani.

Maombi yalipofunguliwa tena, Ntandu alikwenda na karatasi nyumbani kwa Mama Nyamwi, akaandika huku akimsomea kila neno. Walipofika palipotakiwa habari za mwanafunzi mmoja, kalamu ilisita.

"Nimwandike Nyamwi?"

Mama yule alimvuta Nyamwi karibu.

"Mwandike. Sema yuko hai, na hana pa kusomea."

Tangu hapo, mtu wa Msisuli akianza kuomba kwa shida ya kuazima, hata watoto humkatiza: aonyeshaye kidonda cha jirani hupewa dawa ya jirani.