Karibu ya Bibi Nyamizi

Karibu si mkeka, haikunjwi. Ndivyo mama yenu alivyomjibu baba yenu asubuhi, wageni wa Nzega walipotokea siku moja kabla ya siku yao. Nanyi mkacheka, mkaniuliza karibu na mkeka vimekutana wapi. Vilikutana uani kwa Bibi Nyamizi, wajukuu zangu, na ilikuwa namna hii.

Kulikuwa na mjane mmoja wa Uvinza, jina lake Chausiku. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, na Siwema alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Yasini, wa mji mdogo wa reli kabla hujafika Tabora. Posa ilikwenda vizuri, mahari ikapokelewa. Jambo moja tu lilileta mazungumzo marefu. Bibi harusi huchukuliwa kwao. Watu wa mume huja na ngoma yao, hukuta mlango umefungwa, hubembeleza mpaka wafunguliwe, kisha huondoka naye. Lakini Uvinza ni mbali, na watu wa Yasini hawakuweza kusafiri wote.

Shangazi yake Yasini, Bi Mwamvua, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyetoa shauri. "Njooni nyinyi huku, mkodi nyumba. Hapo mtakapofikia ndipo patakuwa kwenu, nasi tutakuja kumchukua hapo. Ila msimlete wenyewe mlangoni kwetu. Akijileta, ataitwa aliyejileta mpaka azeeke."

Chausiku alilishika neno hilo. Alimtuma kaka yake, Kilulu, apige simu kwenye gesti ya Bwana Masudi, maana ndiyo ilikuwa safi na yenye heshima. Kilulu akapiga, akaambiwa vyumba vitatu vipo. Akapeleka malipo ya kutangulia, akapiga tena ili dada yake alale usingizi. Bwana Masudi akamwambia, "Ondoa wasiwasi, mzee wangu. Hivyo vyumba ni vyenu, hata mfalme akija atavikosa."

Basi wakaja kwa treni, Chausiku, Siwema, Kilulu na mashangazi wawili, siku moja kabla ya ndoa. Stesheni walimkuta mchukuzi wa mizigo, mzee wa makamo, ambaye aliposikia sanduku ni la bibi harusi alilibeba mpaka mlangoni akakataa kulipwa. Alisema mzigo wa furaha haumlemei mtu. Chausiku aliliona neno hilo kuwa dalili njema.

Gesti ile ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa ubavuni unaoingia uani. Ubavuni palikuwa na kivuli, wakasimama hapo. Kilulu akapiga hodi.

"Karibuni," ikajibu sauti ya kizee kutoka ndani. "Karibuni, piteni, jua kali."

Alikuwa Bibi Nyamizi, mama yake Masudi. Gesti yote ilikuwa imejengwa kuizunguka nyumba yake ya zamani, naye alikataa kuhama, akabaki na chumba chake uani. Hakuwauliza ni nani wala wametoka wapi. Alitandika mkeka, akaleta maji ya kunawa na mengine ya kunywa, na alipomwona Siwema anatembea kwa kuchechemea kwa ajili ya viatu vipya, akamletea ndara zake mwenyewe.

Ndipo Masudi akatoka ofisini. Aliposikia wametoka Uvinza, uso ukamshuka.

"Jamani," akasema, "nilitaka kuwapigia. Ile nafasi yenu imefutwa."

"Imefutwa?" akauliza Kilulu. "Kwa kifutio gani?"

"Timu ya mpira imeingia jana, ina mechi kesho kutwa. Wamechukua gesti nzima. Hali imebadilika, mzee wangu."

"Hali ya hewa au hali yako? Mimi nilipiga simu mara mbili. Uliniambia hata mfalme atakosa."

"Mfalme hakuja," Masudi akasema, akijaribu kucheka. "Imekuja timu. Pesa yenu nitawarudishia yote."

"Hatukuja kufuata pesa, tumekuja kuoza mtoto."

Chausiku aliinua macho akatazama barabarani. Moyoni alikuwa anapita nyumba moja moja za mji ule asioujua. Ile gesti nyingine, walishaambiwa, ilikuwa juu ya baa, na madereva wa malori walikesha humo wakiimba. Bibi harusi hawezi kutolewa baa. Ndugu hawakuwa nao pale. Walikuwa na mwenyeji mmoja tu katika mji mzima, naye ni Yasini.

Masudi naye akawa amefika hapo hapo. "Kwani tabu iko wapi?" akasema. "Mpelekeni tu kwa mumewe. Si huko huko anakokwenda?"

Hakuna aliyemjibu. Siwema alivuta kanga akafunika uso, na mama yake akaona bega la mtoto linatikisika. Alikuwa amemlea peke yake, akichemsha chumvi na kuuza, ili siku hii atoke kwa heshima kama watoto wenye baba. Sasa angekwenda kwa miguu yake kubisha hodi kwa Bi Mwamvua.

Masudi alidhani kimya kile ni kukubali. Akamgeukia mama yake. "Mama, kunja mkeka. Hawa wageni wanaondoka."

Bibi Nyamizi alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Mkeka nitaukunja," akasema. "Ni wangu, niliusuka mwenyewe, nitaukunja nikitaka. Karibu nitaikunjaje?"

"Karibu gani?"

"Wamepiga hodi nikawaambia karibuni. Hukusikia?"

"Mama, ulijibu tu. Hukujua ni nani."

"Ndiyo maana yake. Ukishajua ni nani ndipo useme karibu, huko si kukaribisha, huko ni kuchagua."

"Lakini mimi sikuwakaribisha."

"Wewe uliwakaribisha kwa simu, mara mbili. Umeikana ya kwako, haya, utajibu mwenyewe. Usinifundishe kuikana ya kwangu. Karibu si mkeka, mwanangu. Haikunjwi."

Masudi akashusha sauti. "Sasa watalala wapi? Chumba chako ni kidogo."

"Wewe ulizaliwa katika chumba hicho, wanawake sita wamesimama. Hukusema ni kidogo." Akamgeukia Chausiku. "Mwanangu, binti yako atatoka hapa. Mlango ninao, na mtu wa kuufunga ninaye, ni mimi. Kwao ni hapa."

Chausiku akapiga magoti mkekani. Akashika mkono wa yule bibi akaubusu.

Sasa, pale bombani vijana wa timu walikuwa wanafua jezi zao, na bomba lilikuwa limefungwa zamani ili wasikie vizuri. Nahodha wao, kijana mrefu aitwaye Songoro, akaja huku mikono inachuruzika maji.

"Bosi," akamwambia Masudi, "hukutuambia kwamba tumelalia kitanda cha bibi harusi."

"Nyinyi hayawahusu."

"Yanatuhusu sana. Mwaka jana tulimpita mama mjamzito barabarani, hatukumpa lifti, tukafungwa saba. Sasa tumfukuze bibi harusi? Golikipa wetu ameshaanza kutetemeka, mtazame."

Golikipa, aliyekuwa anakamua soksi, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Hata Siwema akacheka ndani ya kanga.

"Vyumba vitatu vya mbele vyao," akasema Songoro. "Sisi tutabanana vilivyobaki. Shikamoo, mama. Mnisamehe, hatukujua."

"Marahaba, baba," akasema Chausiku. "Mtalalaje watu wote hao?"

"Kama dagaa, mama. Hata nyumbani ndivyo tunavyolala."

Masudi alibaki katikati ya ua. Samahani haikumtoka siku ile. Lakini Chausiku aliona aliyoyafanya. Aliinama akabeba sanduku la bibi harusi mwenyewe, akalipeleka chumbani kwa mama yake, maana bibi harusi angelala humo na kutokea humo. Kisha akashika ufagio, akafagia njia yote kuanzia mlango wa ubavuni mpaka barabarani, na jioni akaleta godoro la kitandani kwake ili Siwema asiamke na maumivu ya mgongo. Wengine huomba radhi kwa mikono, wajukuu zangu, nanyi mjifunze kuisikia.

Kesho yake, baada ya ndoa kufungwa msikitini, watu wa Yasini wakaja na ngoma. Wakaukuta mlango umefungwa. Vijana wa timu walikuwa wamejipanga mbele yake kama ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu, na kila walipobembelezwa walidai waongezewe nyimbo. Bi Mwamvua akajipenyeza mbele. Alitazama kibao cha gesti, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Hapa ni kwao nani?" akauliza kwa sauti ya kusikika. "Si ni gesti ya Masudi hii? Au siku hizi maharusi wanaokotwa kwenye gesti?"

Ndani, Chausiku alishika mkono wa Siwema akaubana. Bibi Nyamizi akausogelea mlango.

"Mwamvua, gesti iko mbele, zunguka huko kama unatafuta chumba," akasema. "Hapa ni kwangu, na ni kwao Siwema. Kama umemfuata yeye, piga hodi kama watu."

Watu wote wakamgeukia Bi Mwamvua. Na Bi Mwamvua, ambaye mji mzima ulimjua, akakusanya kanga yake, akapiga hodi.

Siwema alitolewa kwa vigelegele, ameshikwa na mama upande mmoja na Bibi Nyamizi upande wa pili, na hakuna aliyepata kumwita aliyejileta. Ile timu ilitoka sare. Songoro aliwaambia wenzake kwamba sare ni heri kubwa, wangemwacha bibi harusi barabarani wangeona. Kila mji walikokwenda kucheza walisimulia habari za bibi mwenye mkeka, na neno lake likasafiri pamoja nao mpaka likafika kwetu.

Masudi naye alilichukua. Mkubwa mmoja alikuja siku nyingine na wageni wake, akataka vyumba vya mwalimu mmoja aliyeahidiwa tangu wiki iliyotangulia, akasema atalipa bei mara mbili. Masudi alimletea kiti na maji baridi, akamwonyesha njia ya kwenda gesti nyingine. Yule mkubwa alipouliza kwa nini, Masudi akatazama uani, mama yake alipokuwa amekaa, akamjibu.

"Mwalimu nimeshamkaribisha, mzee. Na karibu si mkeka, haikunjwi."